Picha ya ubongo ili akili isichoke uzeeni: wapi inasaidia, wapi inatuhadaa

FundiSumaku (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Kazi yangu ni kupiga picha za MRI, yaani picha za ndani ya mwili kwa kutumia sumaku, huu ni mwaka wa 11. Si daktari, na ripoti siandiki mimi. Mimi ndiye ninayemlaza mtu kitandani, namfunika kichwa kwa kile kizimba cha plastiki, namwambia "usitikisike", halafu naenda kukaa upande wa pili wa kioo.

Siku hizi wanakuja watu wasioumwa chochote. Miaka 50 na kitu, wazima wa afya, wamesoma mtandaoni kwamba picha ya ubongo inazuia usahaulifu wa uzeeni. Juzi mmoja, hata saa hajavua, akaniuliza: "Ukimaliza utaniambia kama nitakuja kusahau majina ya wanangu?" Nikamwambia avue na pete. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo pale, na likanikera mwenyewe, ndiyo maana nimefungua uzi huu. Ni mrefu, kaeni vizuri.

Nianze na hili la ubongo kusinyaa, maana ndilo linalotisha watu zaidi. Ubongo husinyaa kwa kila anayejaliwa kuzeeka. Sehemu inayoangaliwa sana inaitwa hipokampasi. Ziko mbili, moja kila upande, ndani huko usawa wa masikio, na ndizo zinazopokea kumbukumbu mpya kabla hazijahifadhiwa kwingine. Kwa mzee mwenye afya hipokampasi hupungua kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Kwa mwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, inakwenda mbio zaidi ya hapo.

Sasa piga hesabu. Hipokampasi moja ina ujazo wa kama mililita 3. Asilimia 1 yake ni pungufu ya tone moja la maji. Hilo tone ndilo tunalolitafuta ndani ya kichwa cha mtu anayepumua, anayemeza mate, na ambaye dakika ya 12 pua imeanza kumwasha. Akisogea kidogo tu, tone letu limepotea. Hata mtu aliyeshinda bila kunywa maji, ubongo wake unaweza kupimwa mdogo kidogo kuliko jana. Na picha moja inakupa ukubwa wa leo tu, kasi huijui. Wapo waliozaliwa na hipokampasi ndogo na wanakumbuka hadi deni unalodaiwa tangu mwaka 1998. Ukitaka kasi, unahitaji picha mbili au zaidi, mashine ile ile, mipangilio ile ile, na muda wa kutosha katikati.

Kwa hiyo anayekuuzia picha moja na kukuambia "ubongo wako umeanza kuisha", mwombe akuonyeshe alikouona ukiwa mzima.

Sasa nije kwenye kitu ambacho mimi binafsi naona kina faida. Vidoa vyeupe.

Kuna picha tunayoipiga ambapo maji yanayouzunguka ubongo tunayazima yawe meusi, ili sehemu iliyodhurika ndani ya nyama ya ubongo ing'ae. Kwa watu wengi waliopita miaka 60 huonekana vidoa vyeupe kando ya vile vyumba vya maji vya katikati. Kwa wengine ni kama chembe za chumvi zilizomwagika, kwa wengine vimeungana vikawa utando mzima. Madaktari huvipa daraja kuanzia 0 hadi 3, kipimo cha Fazekas, kinatumika tangu mwaka 1987. Mara nyingi hayo ni madhara ya mishipa midogo ya damu iliyochoka. Na kinachoichosha kuliko vyote, ukiondoa umri wenyewe, ni presha.

Mzee mmoja wa miaka 63 aliletwa kwa kizunguzungu. Presha aliambiwa anayo miaka tisa nyuma, dawa akaacha kwa sababu "sijisikii chochote". Daktari alimwita aone skrini. Mzee akasogea, akagusa kioo kwa kidole kama anayefuta vumbi.

"Hivi ni vya mashine?"

"Hapana mzee wangu, ni vyako."

Alitoka pale anaulizia majina ya zile dawa.

Kuna utafiti wa Marekani, SPRINT MIND, uliotoka mwaka 2019. Watu wenye presha, miaka 50 na kuendelea, waligawanywa mafungu mawili: fungu moja ile namba ya juu ya presha ishushwe chini ya 120, jingine chini ya 140. Fungu la 120 lilikuwa na asilimia 19 pungufu ya watu wanaoingia kwenye ile hatua ya awali ya akili kuteleza. Kwa demensia kamili, yaani akili kupotea hadi mtu hawezi kujiendesha, tofauti haikutosha kuthibitishwa. Sehemu yao walipigwa MRI mara mbili, miaka kama minne katikati. Vidoa viliongezeka kwa wote, ila kwa sentimita za ujazo 0.92 fungu la 120 na 1.45 fungu la 140. Na kituko ni hiki: ubongo kwa ujumla ulisinyaa zaidi kidogo kwa waliotibiwa kwa nguvu. Ungeangalia ukubwa peke yake ungesema dawa zinaharibu.

Msimamo wangu basi, na mnaruhusiwa kunipiga mawe: kabla hujalala kwenye mashine yangu, jiulize picha ikionyesha kitu utafanya nini ambacho usingekifanya bila hiyo picha. Kama jibu huna, baki nyumbani, kapime presha.

mdadisi_7

Natia kambi hapa. Mkuu, umesahau PET. Nasikia ile inaona uchafu wa Alzheimer miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau. Hiyo si ndiyo kinga yenyewe?

FundiSumaku

Sijaisahau, nilikuwa naihifadhi. PET si idara yangu ila nitajitahidi.

Unadungwa mshipani dawa yenye mionzi kidogo, inakwenda kujishikiza kwenye protini iitwayo amiloidi, mashine inaona mahali ilipong'ang'ania. Alois Alzheimer alipoeleza ugonjwa huu mwaka 1906 alilazimika kuutazama kwa hadubini, mgonjwa akiwa ameshafariki. Ikabaki hivyo kwa karibu miaka mia. Mwaka 2004 ndipo watafiti wa Pittsburgh na Uppsala walipochapisha picha za amiloidi ndani ya watu walio hai. Kwa kweli hiyo ni kazi kubwa, siibezi.

Shida inaanza ukiwapiga wazee wasio na tatizo lolote. Kati ya watano, mmoja au zaidi ana amiloidi, na anajua leo ni tarehe ngapi, anajua bili zake, anakushinda kwenye hesabu. Wengine hufariki wakiwa na akili zao timamu na uchafu wao kichwani. Kuna kitu wanakiita akiba ya ubongo: elimu, kazi inayofikirisha, watu wa kuongea nao. Ubongo wenye akiba hubeba mzigo mzito kabla haujapiga magoti. Akiba hiyo haionekani kwa PET.

Na walijaribu kutumia picha kama kinga, mkuu. Jaribio linaitwa A4. Wazee 1169 wa miaka 65 hadi 85, hawana dalili, PET imeonyesha amiloidi. Nusu wakapewa dawa ya solanezumab, nusu maji matupu, kwa zaidi ya miaka minne. Majibu yakatoka mwaka 2023: dawa haikupunguza kasi ya kuteleza. Picha iliwapata watu sahihi, dawa ndiyo ikawa butu.

Zipo mpya, lecanemab na donanemab, Marekani wameziidhinisha 2023 na 2024. Hizo ni kwa walioanza dalili tayari, zinapunguza kasi tu, na zinaweza kuleta uvimbe au damu kuvuja ndani ya ubongo. Ndiyo maana anayezitumia anarudishwa kwenye MRI kila baada ya muda. Hapo picha haina mjadala, ni mlinzi.

KichwaNgumu

Kwa kifupi ni biashara. Mnatisha watu, mnawalaza, mnachukua chao. Mtu mzima asiyeumwa anatafuta nini humo?

NesiWaZamu

@KichwaNgumu umeongea kwa ukali ila una hoja, na hoja yako ina namba. Kule Rotterdam walipiga MRI watu 2000 wa kawaida, wakachapisha mwaka 2007. Asilimia 7.2 walikuwa na kiharusi cha zamani kwenye ubongo ambacho hawakukijua. Asilimia 1.8 walikutwa na mshipa uliovimba kama puto. Asilimia 1.6 uvimbe usio saratani.

Hebu fikiria ni wewe sasa. Ulienda kuangalia kumbukumbu, umerudi na puto kichwani. Puto dogo huenda lisipasuke maisha yako yote, na kulitengeneza nako kuna hatari yake. Nimewahi kukaa usiku kucha na mama aliyekutwa nalo kwa bahati tu. Hakuwa anaumwa. Alikuwa anaogopa kupiga chafya.

Ila wale wa asilimia 7.2 mimi ningewaambia. Kiharusi cha kimya ni barua ya onyo: presha, sukari, lehemu (mafuta ya kwenye damu), sigara, mapigo ya moyo yasiyo sawa. Vyote vinashughulikiwa.

KichwaNgumu

Kuogopa kupiga chafya 😂😂 Mungu anisamehe. Sawa nesi, nimekuelewa.

Mwl_Mstaafu

Vijana, nina miaka 71. Nimesoma mahali kwamba kutembea kunakuza hiyo hipokampasi na kwamba ilithibitishwa kwa picha. Mimi natembea kila alfajiri. Naomba FundiSumaku aniambie kama najidanganya.

FundiSumaku

Shikamoo mwalimu. Hujidanganyi, ila kuna maelezo.

Utafiti unaousema ni wa mwaka 2011. Wazee 120, nusu walitembea kwa mazoezi mara tatu kwa wiki, nusu wakafanya ya kujinyoosha. Baada ya mwaka, hipokampasi za watembeaji ziliongezeka kama asilimia 2, za wanyooshaji zikapungua kama 1.4. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Mwaka 2022 ulitoka mmoja mkubwa zaidi, wazee 585, miezi 18, mazoezi ya mwili na mafunzo ya kutuliza akili, na vipimo vya kumbukumbu havikupanda kuliko kwa wale wa kulinganishwa nao.

Lakini mwalimu, kutembea kunashusha presha, kunasaidia sukari, usingizi, moyo. Mishipa ya ubongo ni mishipa ile ile. Mimi ningekuwa wewe ningetembea hata kama hipokampasi imegoma kukua.

Mwl_Mstaafu

Marahaba. Nitaendelea kutembea. Na kwenye aya yako ya tone la maji umeeleza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi, isipokuwa alama za mkato unazimwaga ovyo.

mdadisi_7

Kuna hii ya "umri wa ubongo". Programu inapewa picha yako inakuambia wewe una miaka 54 ila ubongo una 61. Rafiki yangu aliambiwa hivyo, hajalala wiki nzima.

FundiSumaku

Mwambie alale, kukosa usingizi ndiko kutamfikisha hiyo 61.

Programu hizo zinafundishwa kwa maelfu ya picha za watu wa umri unaojulikana, kisha zinakisia wa kwako. Zinakosea kwa miaka mitatu, minne, mitano hivi kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo tofauti ya miaka saba kwa picha moja si hukumu. Ukibadilisha mashine, jibu laweza kubadilika. Kwa watafiti wanaolinganisha makundi makubwa ni chombo kizuri sana, maana makosa ya mtu mmoja mmoja yanamezana. Kwa wewe peke yako usiku na simu mkononi, sioni kazi yake.

Hapo nadhani ndipo watu wanapochanganya mambo. Picha inawasaidia wanaotafuta kinga ya wote: inawaonyesha nani aingie kwenye jaribio, dawa imefika ilipotakiwa, vidoa vimepungua kasi au la. Hiyo faida utaipata wewe baadaye kama ushauri wa kawaida kabisa, "shusha presha", bila kulala humo. Na hata kwa watafiti picha huchelewa. Finland walifanya jaribio la FINGER, wazee 1260 wa miaka 60 hadi 77, miaka miwili: lishe, mazoezi, kuchangamsha akili, kufuatilia mishipa ya damu. Hawakuwachagua kwa picha, waliwachagua kwa vitu kama umri, presha, uzito na lehemu. Vipimo vya kufikiri vikapanda zaidi kwa waliosimamiwa. Wachache waliopigwa MRI, picha zao hazikuonyesha tofauti ya maana. Ukiniuliza nitachukua kipi kati ya kufikiri vizuri na picha nzuri, jibu ni rahisi.

NesiWaZamu

Niongeze kidogo hapo. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa yakishughulikiwa yote. Yamo presha, sukari, kuvuta sigara, kuumia kichwa, upweke, na mawili mapya ya mwaka huo: kuona vibaya bila kutibiwa na lehemu mbaya kuwa juu.

Linalodharauliwa zaidi ni masikio. Mzee hasikii, watu wanachoka kurudia, wanaacha kuongea naye, naye anaacha kuuliza. Ndani ya miaka michache mnasema "mzee amechanganyikiwa". Kapimeni masikio kwanza jamani.

Jirani Mwema

MRI ina mionzi? Na kama nina vyuma mwilini?

FundiSumaku

MRI haina mionzi, ni sumaku na mawimbi ya redio, pamoja na kelele za kugonga kama mtu anajenga bati juu ya kichwa chako. CT (ile ya eksirei inayozunguka mwili) na PET zina mionzi. Vyuma useme VYOTE kabla hujaingia: kifaa cha moyo, klipu za mishipa ya kichwani, vyuma vya masikioni, na kama umewahi kuchomelea, chembe za chuma machoni. Vingine havina neno, vingine ni hatari. Usijiamulie mwenyewe.

BintiWaMzee

Naomba kuuliza hata kama natoka nje ya mada. Mama yangu ana miaka 74. Mwaka na nusu sasa anasahau, lakini kilichoanza ni miguu. Anatembea kama nyayo zimegandishwa sakafuni, kugeuka tu anapiga hatua tisa, nimehesabu. Na sasa haja ndogo inamponyoka, anaona aibu anaacha kutoka nje. Tulikwenda mahali tukaambiwa "ni uzee, mzoeeni". Mmesema picha haisaidii. Basi tuache?

FundiSumaku

Dada, hapana. Hapana kabisa, na samahani kama nimeeleweka hivyo. Yote niliyoandika juu ni kuhusu mtu asiye na dalili. Mwenye dalili ni habari nyingine kabisa, huyo picha ni haki yake.

Siwezi kusema mama ana nini, sijamwona na si kazi yangu. Ila miguu kuganda, mkojo kuponyoka na kusahau, vikija pamoja, na miguu ikitangulia, ni mtiririko ambao daktari wa mishipa ya fahamu anapaswa kuusikia kama ulivyouandika hapa, pamoja na hizo hatua tisa. Kuna hali ambapo maji ya ubongo yanajaa na vyumba vyake kutanuka bila presha ya ndani kupanda sana. Daktari Salomón Hakim wa Kolombia aliielezea mwaka 1965. CT au MRI inaonyesha vyumba vimetanuka kupita kiasi. Wakiona hivyo, huweza kutoa maji kidogo mgongoni, mililita 30 hadi 50, kisha wakamtazama akitembea. Akiwa mwepesi, wanafikiria kumwekea mrija wa kuyapunguza moja kwa moja. Ni miongoni mwa visababishi vichache vya kuteleza kwa akili vinavyoweza kurudishwa nyuma.

Pia damu iliyojikusanya taratibu chini ya fuvu baada ya kuanguka, hata anguko dogo la wiki kadhaa nyuma, huonekana kwenye picha na hutibika. Waombe pia damu waangalie vitamini B12 na tezi ya shingo.

NesiWaZamu

Dada, kabla hujaenda, mrekodi mama kwenye simu akitembea na kugeuka. Wazee wengi wakifika mbele ya daktari wanajikaza, wanatembea kama askari.

BintiWaMzee

Asanteni. Nitarudi.

KichwaNgumu

Nimeenda kupima presha kwa ajili ya huu uzi. 158 kwa 96. Naishia hapo leo.

NesiWaZamu

Pima tena kesho na keshokutwa, ukiwa umekaa dakika tano, umenyamaza. Hilo la kunyamaza najua litakuwa gumu.

mdadisi_7

Swali la mwisho mkuu. Kipimo cha damu cha Alzheimer si kitaua hizi picha zote?

FundiSumaku

Kitazipunguzia foleni. Marekani mwezi Mei 2025 waliruhusu cha kwanza cha kusaidia kutambua amiloidi, kinapima protini za kwenye damu, kwa watu wa miaka 55 na zaidi wenye dalili. Soma vizuri hapo: wenye dalili. Swali langu la mwanzo, utafanya nini na jibu ukilipata, linabaki lile lile hata ukitoa damu badala ya kulala kwenye sumaku.

BintiWaMzee

Wakuu nimerudi, wiki tano baadaye. Picha ilionyesha vyumba vimetanuka. Jana wametoa maji mgongoni. Saa tatu baadaye wakamsimamisha kwenye korido, nikarekodi. Kugeuka hatua tano. Tano! Akarudi hadi kitandani bila kunishika.

Kumbukumbu bado siwezi kusema. Nilimwuliza leo ni siku gani, akaniambia nina simu mkononi, niangalie.

FundiSumaku

Video zote mbili zitunze, ya kabla na ya baada. Daktari wa upasuaji atazitaka pamoja na picha zetu.